Toba Isiyoishia Madhabahuni

*Kutoka mifereji ya vitunguu ya Malolo hadi vilima vya Gahini, Wakristo wa Afrika Mashariki wamehangaika na swali moja: aliyeoshwa dhambi zake na Mungu, bado anadaiwa nini na jirani?*

Malolo ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ndani ya jimbo la Mikumi, ambayo wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani ingawa huenda vitunguu vyake vimepita jikoni mwao. Abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya, wakishaiacha Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuteremkia bonde la Mto Ruaha Mkuu, huvikuta vitunguu vya ukanda huo vikiuzwa kando ya barabara kuu. Kwa wakulima wa Malolo, maji ya skimu ya umwagiliaji ya Mwega ndiyo yanayoamua nani atavuna na nani atakopa.

Katika kilimo cha namna hii, maji hugawanywa kwa zamu. Mwenye zamu ya usiku hukesha na jembe begani, akifungua hapa na kuziba pale, hadi vijaruba vyake vyote vinywe. Na palipo na zamu pana kuiba zamu. Mtu wa juu akiziba mfereji kimyakimya usiku wa manane, wa chini ataamka na kukuta udongo umepasuka na miche imelala. Hakuna mlango uliovunjwa wala shahidi aliyeona. Mwenye shamba anajua tu kwamba maji hayakufika.

Tuseme jambo hilo limetokea, na watu hao wawili wanasali kanisa moja. Jumapili mchungaji anawaita mbele wanaotaka kutubu. Aliyeziba mfereji anapiga magoti, analia kwa dhati, anaongozwa sala ya toba, na anaambiwa kwamba dhambi zake zimefutwa. Waumini wanapiga makofi. Yule aliyekaukiwa vitunguu ameketi benchi la tatu, naye anapiga makofi, bila kujua kwamba dhambi iliyofutwa ni ile iliyomlia msimu mzima.

Hapo ndipo lilipo fundo la imani ya Kikristo kuhusu msamaha. Kwamba Mungu husamehe, wahubiri wa madhehebu yote wanakubaliana. Ugumu unaanzia benchi la tatu.

Kabla ya wamisionari

Watu wa nchi hii hawakungoja wamisionari ili wajue kwamba binadamu anaweza kuchafuka kwa namna ambayo sabuni haiitoi. Wasagara, Wavidunda, Wakaguru na Waluguru, makabila yanayohesabu ukoo kwa upande wa mama, kila moja lilikuwa na njia zake za kumwondolea mtu mkosi na kumrudisha kwa wenzake. Thomas Beidelman, Mmarekani aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya utani. Alieleza kwamba watani hawakuwa watu wa mzaha tu. Msiba ukitokea, au mtu akivunja miiko ya kujamiiana, mtani ndiye aliyeitwa kusafisha, kwa sababu alikuwa karibu kiasi cha kuaminiwa na mbali kiasi cha kutochafuka.

Hata maji ya vita vya 1905 yalikuwa na sura hiyo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, lakini wanahistoria wengi wanaona kwamba dawa hiyo ilifuata pia desturi ya zamani zaidi ya kuwatakasa watu na uchawi. Vita vya Majimaji vilifika hadi kwa Wavidunda na Wasagara. Waliokunywa au kunyunyiziwa maji yale walitaka kinga, na pia walitaka kuwa jamii isiyo na sumu ndani yake kabla ya kumkabili adui.

Desturi haijatoweka. Maia Green, mtafiti Mwingereza aliyeishi Ulanga, kusini mwa mkoa huuhuu wa Morogoro, alieleza mwaka 2003 jinsi watu, wengi wao Wakatoliki waliobatizwa, walivyosafiri kwenda kunyolewa nywele ili nguvu za uchawi ziwatoke. Mtuhumiwa na aliyemtuhumu waliweza kunyolewa pamoja, wakarudi kijijini wote wakiwa na vichwa vitupu, na ugomvi ukapata mahali pa kuishia.

Ni rahisi kwa mhubiri kuyakemea mambo haya yote kwa pumzi moja. Ila yana funzo ambalo mimbari nyingi zimelisahau. Katika mila hizo hakuna anayetakaswa peke yake chumbani. Usafi hufanyika mbele ya watu, na lengo lake ni kumrudisha mtu mezani na wenzake.

Sanduku la maungamo

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua kituo cha Bagamoyo mwaka 1868 na wakafika Mhonda mwaka 1877. Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS) walianzia Mpwapwa, kisha Mamboya, iliyo Kilosa ya leo. Kwa njia hizo mbili nchi ikapokea namna mbili za kutubu.

Mkatoliki hufundishwa tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza kwamba kitubio kina hatua: kuchunguza dhamiri, kujuta, kukusudia kutorudia, kuungama kwa padri, kisha kutimiza malipizi. Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza kila muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka, na Sheria ya Kanisa ya leo, katika kanuni ya 989, bado inalidai hilo kwa dhambi kubwa. Ndiyo maana foleni hurefuka parokiani siku za Kwaresima, na padri wa vigango vingi huenda na pikipiki kutoka kimoja hadi kingine ili watu wasifike Pasaka na mizigo yao. Siri ya maungamo hailegezwi kwa polisi wala kwa hakimu. Padri anayeivunja moja kwa moja hujitenga na Kanisa.

Wengi hudhani malipizi ni Salamu Maria kadhaa, basi yamekwisha. Mafundisho ya Kanisa Katoliki yanasema zaidi ya hapo. Ondoleo la dhambi, yanaeleza, haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeleta. Aliyeiba arudishe, aliyemchafulia mwenzake jina alisafishe, aliyejeruhi afidie kadiri awezavyo. Padri wa kijijini anayelijua jambo hili atamwuliza mwizi wa zamu swali moja jepesi kabla ya kumpa baraka: umekwishaongea na mwenye shamba?

Waprotestanti walikataa kiti cha maungamo kwa sababu walizoamini ni nzito. Martin Luther alipotoa hoja zake 95 huko Wittenberg tarehe 31 Oktoba 1517, alikuwa akipinga biashara ya rehema, yaani kuuziwa punguzo la adhabu ya dhambi. Msamaha, alisisitiza, ni zawadi, na zawadi haina bei. Lakini hoja yake ya kwanza kabisa ilidai kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Walutheri na Waanglikana wa Tanzania wameihifadhi roho hiyo katika utaratibu wao wa nidhamu. Aliyeanguka waziwazi huzuiwa Meza ya Bwana kwa muda, wazee wa kanisa humfuatilia, na siku ikifika hupokelewa mbele ya ibada. Waumini huita jambo hilo kurudi kundini.

Moto wa Gahini waingia Kilosa

Kati ya njia zote hizo, hakuna iliyowagusa Waafrika Mashariki kwa kina kama uamsho uliozaa neno walokole. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana na kugundua kwamba wote wawili wamechoka na Ukristo wa majina. Church alirudi kituoni kwake Gahini, mashariki mwa Rwanda. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa Desemba 1933, mkutano wa Wakristo wa Gahini ulipokaribia kufungwa ulivunjikia kwenye vilio na maungamo ya hadharani. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyekuwa mwalimu hapo, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Kufikia wakati huo moto ulikuwa umeshashika.

Walokole walikuwa na wimbo wao, Tukutendereza, unaomsifu Yesu kwa damu yake inayosafisha, nao uliimbwa kila mtu alipomaliza kushuhudia. Lakini kilichowafanya watu wawashangae hakikuwa wimbo. Walianza kurudisha vitu. Wauguzi walirudisha mashuka na dawa za hospitali. Watumishi wa nyumbani waliwarudishia mabwana zao sukari na vijiko walivyoviiba miaka mingi nyuma. Wamisionari nao, kwa upande wao, walijikuta wakiwaomba Waafrika radhi kwa kiburi na dharau za rangi, jambo ambalo utawala wa kikoloni haukuwa umelizoea. Desturi hiyo waliiita kutembea nuruni: dhambi hutajwa kwa jina lake, hupelekwa kwa aliyekosewa, kisha huachwa hapo.

Uamsho uliingia Tanganyika kupitia Bukoba, ukafika Dodoma na vituo vya Dayosisi ya Central Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa pia na makanisa ya Berega na Mamboya. Mmoja wa waliouchochea alikuwa kijana wa Kigezi, Uganda, aitwaye Festo Kivengere. Aliokoka mwaka 1941, na katikati ya miaka ya 1940 akaja Dodoma kufundisha shule ya sekondari, akakaa huko miaka zaidi ya kumi. Mei 1955, Yohana Omari aliwekwa wakfu pale Namirembe kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hilo katika Kanisa Anglikana la Tanganyika. Na Dayosisi ya Morogoro ilipozaliwa mwaka 1965, ikiwa na makanisa ya Kilosa ndani yake, askofu wake wa kwanza alikuwa Gresford Chitemo, mlokole aliyekuja kuhubiri nchi nyingi pamoja na Kivengere.

Kwa hiyo mtu wa Kilosa anaposema leo kwamba ameokoka na ametakaswa, anatumia lugha yenye historia nyumbani kwake. Na katika lugha hiyo ilivyokuwa mwanzo, kusema nimesamehewa bila kusema nimerudisha kulionekana ni kusimulia nusu ya habari.

Uamsho ulikuwa na upande wake mgumu. Wako waliotangaza uzinzi wao hadharani wakawataja na wenzao ambao hawakuwa tayari, na ndoa zikavunjika siku hiyohiyo. Wako waliohesabu dhambi za wengine kwa bidii kuliko zao. Baadhi ya makundi yaligawanyika, kila moja likidai kwamba lingine limepoa. Busara ya wazee wa uamsho ilikuja kuweka mpaka ambao bado unafaa: maungamo yawe mapana kadiri ya kosa lenyewe. Kosa la siri kwa Mungu liishie kwa Mungu. Kosa kwa mtu mmoja lipelekwe kwa mtu huyo. Kosa kwa kijiji kizima lisemwe mbele ya kijiji.

Msamaha ulipopimwa

Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi, alionywa kwamba zamu yake inafuata. Yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku na kuingia Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa London, alisikia tena habari za Yesu kuwaombea waliomsulubisha, akatambua kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa inamla ndani. Mwaka huohuo kilichapishwa kitabu chake chenye jina lililowashtua wengi, I Love Idi Amin.

Waliosoma jina la kitabu tu walidhani askofu amepoteza akili. Lakini Kivengere hakuacha kuyataja mauaji. Aliendelea kuzunguka dunia akiwasemea Waganda na kuwatafutia wakimbizi msaada. Moyo wake uliacha kumdai Amin kisasi, huku kinywa chake kikiendelea kumdai ukweli. Mambo hayo mawili hukaa pamoja, na asiyejua kuyatofautisha hufundisha msamaha unaofanana na kuziba mdomo.

Miaka 17 baadaye, nchi iliyozaa uamsho ilizama katika damu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yaliangamiza watu wanaokadiriwa kati ya laki 8 na milioni 1 kwa muda wa siku mia moja hivi. Makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, ambako watu walikimbilia wakiamini hakuna atakayethubutu kuua mbele ya altare, yaligeuka machinjio. Baadhi ya wauaji walikuwa watu wa kwaya na baadhi watumishi wa kanisa.

Hakuna mhubiri wa utakaso anayeweza kulikwepa jambo hilo. Kama maelfu walikuwa wameoshwa, ilikuwaje? Jibu mojawapo lililotolewa na Wanyarwanda wenyewe ni kwamba toba ilikuwa imejifunza kutaja uongo, ulevi na uzinzi, lakini haikujifunza kuitaja chuki ya kikabila. Mtu alirudisha kijiko cha mzungu na kubaki na dharau kwa jirani yake. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha rasmi Novemba 2016 kwa niaba ya waumini walioshiriki, na tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko, mbele ya Rais Paul Kagame huko Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na watu wake.

Mahakama za gacaca, zilizofungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu milioni 2, zilitoa somo ambalo makanisa yangefaa kulisoma upya. Aliyetaka kupunguziwa adhabu hakutakiwa kusema tu kwamba anasikitika. Alitakiwa aseme alimuua nani, wapi, na nani alikuwa naye, na miili iko wapi ili jamaa wazike. Msamaha wenyewe ulibaki mikononi mwa walionusurika. Wako waliotoa, na wako ambao hadi leo hawajaweza, na hakuna mwenye haki ya kuwahukumu.

Jeraha la Rudewa

Kilosa ina jeraha lake pia. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro na wafugaji. Watafiti waliouchunguza mkasa huo hawakuishia kwenye visa vya ng'ombe kuingia mashambani. Walieleza pia sera za ardhi zilizowabana wafugaji kwa miaka mingi, na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote mbili waache kuwaamini waliopaswa kuwaamua.

Jambo hilo linaipeleka toba mbali kuliko tulivyozoea. Dhambi nyingine haina mtu mmoja wa kupiga magoti. Imesambaa katika mihuri, mipaka iliyochorwa vibaya na bahasha zilizopokelewa. Diwani, ofisa na mwenyekiti wa kijiji wakienda kuungama hasira zao kwa wake zao, wakaiacha nje rushwa iliyochangia kuwasha moto, hicho ni kitubio kilichochagua dhambi nyepesi. Na mahubiri ya amani yanayowataka wakulima na wafugaji washikane mikono uwanjani huku mpaka ukibaki vilevile yanapanga tu tarehe ya ugomvi ujao.

Njia za mkato

Kiu ya kutakaswa ni kubwa, na penye kiu hapakosekani mwuzaji. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walipoteza maisha wakikanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliokwenda pale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye madeni, maradhi, ndoa zilizoyumba na makosa yanayowanyima usingizi, wakaambiwa kwamba hatua moja juu ya mafuta ingeyamaliza yote.

Mafuta na maji yana nafasi yake halali katika ibada ya Kikristo. Wakatoliki huwapaka wagonjwa mafuta. Wapentekoste huzamisha waongofu mtoni. Makanisa yote ya kale hubatiza. Kasoro huingia pale ishara inapochukua nafasi ya safari. Chupa ya mafuta haimwulizi mnunuzi amemkosea nani. Hilo ndilo linaloifanya iuzike.

Jirani Mwislamu, ambaye Kilosa yuko karibu kila kitongoji, angeshangaa tukidhani hoja hii ni ya Wakristo peke yao. Masheikhe hufundisha kwamba toba ina masharti: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na pale ambapo haki ya mja imeliwa, kuirudisha au kuomba uradhi wa mwenyewe. Kanisa na msikiti hutofautiana katika mengi, lakini mwizi wa maji hapati pa kujificha kati yao.

Yasiyofutwa na toba

Kuna mahali ambapo neno msamaha limetumika vibaya, na ni lazima hilo liandikwe waziwazi. Binti anapobakwa, familia mbili zikakaa chini ya mti na mzee wa kanisa, mbuzi wakatolewa, na binti akaambiwa asamehe kama Yesu alivyosamehe, hapo hakuna utakaso uliofanyika. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na haikumpa mchungaji wala mjomba mamlaka ya kukipunguza. Mkosaji anaweza kutubu kweli. Toba hiyo akaifanyie polisi na mahakamani kwanza, na akiwa gerezani Mungu atamsikia vilevile.

Mke anayepigwa naye haambiwi na Maandiko arudi kupigwa. Kumsamehe mtu ni kuacha kumlipizia. Kumwamini tena ni jambo lingine, ambalo hujengwa na mwenendo wa mkosaji kwa miezi na miaka. Wachungaji wanaochanganya mambo hayo mawili huwapa wakosaji hifadhi wasiyostahili, na huwafanya waliojeruhiwa waikimbie imani iliyopaswa kuwatibu.

Kwa upande mwingine wako wanaoteswa na dhambi ambazo Mungu amekwishaziachilia. Zaburi ya 32 inamweleza mtu aliyenyamaza na kosa lake hadi mifupa ikachakaa, akapata nafuu alipolisema. Katika kila kanisa wamo watu wa namna hiyo: mama aliyetoa mimba akiwa msichana, baba aliyemkana mtoto, dereva aliyegonga mtu usiku na kuendelea na safari. Kwa hawa habari njema ni njema kwelikweli. Hawaombwi walipie ndipo wasamehewe, kwa kuwa hakuna ambaye angeweza kulipa. Wanaambiwa deni la mbinguni limefutwa, na kwa uhuru huo wanapata ujasiri wa kwenda kuuliza deni la duniani linasemaje. Mpangilio huo una maana kubwa. Anayerudisha ili akubaliwe hurudisha kwa hofu na huficha kidogo. Aliyekwisha kukubaliwa hana sababu ya kuficha.

Hesabu ya Zakayo

Turudi kwenye vitunguu, maana kuna dhambi nyingine anayotendewa mkulima, inayojulikana na kila mtu, hata na wanaoifanya. Ni lumbesa. Gunia linashonewa kilemba, linajazwa kupita mdomo wake, na mkulima aliyekesha na maji analipwa kwa gunia moja ilhali ametoa karibu gunia na nusu. Wakala wa Vipimo umeipiga vita lumbesa miaka nenda rudi, na sheria inataka mazao yauzwe kwa mizani. Mfanyabiashara anayenunua kwa lumbesa anaweza kuwa mzee wa kanisa mjini kwake. Anaweza kuwa ndiye aliyechangia mabati ya paa jipya. Jina lake husomwa kwa heshima siku ya harambee.

Yesu alikutana na mtu wa aina hiyo mjini Yeriko. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tajiri kwa vipimo vya kupindisha, na kila aliyemnyonya alimjua kwa sura. Injili ya Luka, sura ya 19, haisimulii kwamba alilia, wala haitaji sala yoyote aliyoongozwa. Inasimulia kwamba Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajaahidi chochote, na umati ukanung'unika kwa neema hiyo isiyo na aibu. Kisha mwenye nyumba alisimama, mbele ya watu walewale, akataja viwango: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Kama makanisa ya bonde la Ruaha yanataka kipimo cha kujua toba yao imekomaa kiasi gani, hayana haja ya kuhesabu waliokwenda mbele Jumapili. Yaanzie jumuiya ndogondogo na vikundi vya nyumba kwa nyumba, siku za Kwaresima au siku yoyote, kila mtu ajiulize ni nani anayemdai na anamdai nini: lita ngapi, madebe mangapi, jina la nani alilolichafua. Kisha amwendee mwenyewe, mchana, kwa maneno yasiyozunguka. Anaweza kukaribishwa, na anaweza kufukuzwa. Yote mawili yatakuwa haki ya aliyekosewa. Wajibu wa aliyetakaswa ni kufika na hesabu kamili mkononi, kama Zakayo, aliyesimama Yeriko akataja tarakimu.